Peso ya Chini ya Sufuria

Evodio alipouma kile kitoto cha plastiki ndani ya mkate wa Sikukuu ya Wafalme, jambo la kwanza alilofanya ni kukificha shavuni. La pili, watu wote mezani walipoona shavu limetuna kama la mwenye jino bovu, ni kusema kwamba si yeye aliyekata mkate.

"Aliyekata ni Obdulia," alisema, akikitema kiganjani. "Kisu alikielekeza kwangu."

"Kisu kilikata mkate, kaka," alijibu dada yake. "Tamaa ya kuchukua kipande kikubwa ilikuwa yako."

Pale mjini Santa Rita hata mtoto anaijua sheria. Anayekuta kitoto ndani ya mkate mwezi wa Januari huwalisha wenzake tamale, unga wa mahindi uliofungwa katika maganda yake na kupikwa kwa mvuke, Sikukuu ya Candelaria, mwanzoni mwa Februari. Na kila mtu alijua pia kwamba Evodio hajawahi kuchemsha hata yai. Kitoto kilikuwa kinywani mwake, lakini mzigo ulikuwa wa mkewe, Hermelinda.

Hermelinda aliguna kidogo ili furaha yake isionekane. Hapakuwa na kitu alichokipenda duniani kama kuona watu wakikunjua maganda ya mahindi, wakaiona tamale imetoka nzima, laini, inatoa moshi, kisha wakanyamaza. Wanawake wa mtaa ule wakitaka kusifu unga uliokandwa vizuri husema "kama wa Hermelinda." Sifa hiyo aliilinda kama wengine wanavyolinda shamba.

"Tamale zangu hazijawahi kuharibika," alipenda kusema.

Hilo lilikuwa kweli kwa namna alivyokuwa akihesabu. Ziliwahi kuharibika, ila si kwa mkono wake. Mwaka mmoja ilikuwa kuni mbichi alizoleta Evodio. Mwaka mwingine mlima Popo, ule wa volkano, ulikohoa majivu, na mvuke ukakosa nguvu. Na mwaka ule mbaya kuliko yote, kwenye harusi ya mpwa wao, ilikuwa dada yake mwenyewe, Amparo, aliyeingia jikoni amenuna. Hasira ya mtu mmoja, kama ijulikanavyo, inatosha kuzuia sufuria nzima isiive. Amparo alitolewa jikoni mbele ya watu. Alijitanda shali yake, akaenda zake Atlixco, na tangu hapo dada hao wawili walikutana misibani tu, wakasalimiana kama watu waliopanda basi moja.

Kwa hiyo Hermelinda alikuwa na moyo safi. Kila kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye.

Asubuhi ya Candelaria alipanga sufuria uani, akiwa na mkwe wake, Yadira. Huyu Yadira alikuwa msichana wa Sonora, kule kaskazini kwenye jangwa, ambako watu hula mikate ya ngano na wanaiona ni chakula. Rutilio, mwana pekee wa Hermelinda, alikwenda huko kufanya kazi ya kutengeneza pikipiki, akarudi naye. Alikuwa mpole, mwenye kuongea polepole, na tumbo lake la mimba lilikuwa limeanza kusukuma gauni. Hermelinda alimsubiri mjukuu yule kwa hamu iliyomfanya afume soksi ndogo mpaka nyuzi zikaisha dukani. Mama wa mjukuu huyo, Hermelinda alikuwa bado anamchunguza.

Alipika kama mama yake alivyopika, juu ya kuni, katika sufuria ndefu ya bati. Chini maji, juu ya maji wavu wa bati, na juu ya wavu tamale zimesimama wima, zimebanana kama watu kanisani. Kwenye masikio ya sufuria alifunga vipande vya maganda ya mahindi, kama hereni, kwa sababu mwanamke mwenye mimba akiwa karibu na sufuria bila kinga hiyo, tamale hubaki mbichi.

"Sufuria nayo imependeza," alisema Yadira. "Inaenda Misa?"

"Usicheke, mwanangu. Sasa nisikilize. Mle ndani kwenye maji kunakaa sarafu ya peso. Maji yakichemka, peso inagonga chini, tiki tiki tiki. Maji yakiisha, inanyamaza. Kazi yako ni kusikiliza tu. Ikinyamaza, unanipigia simu kanisani, nami namtuma wifi yangu Obdulia aje aongeze maji. Wewe usifunue. Mwenye mimba hafunui mfuniko."

"Na nikisikia harufu ya kuungua?"

"Hutaisikia, kwa sababu peso itakuwa imeshakwambia."

Alikuwa bado anasema hayo, mkono mmoja umeshika ndoo ya maji, wakati Obdulia alipoingia langoni. Alikuwa amembeba Mtoto Yesu wa familia, sanamu ya udongo yenye macho ya kioo, amevikwa kanzu mpya nyeupe tayari kupelekwa kubarikiwa. Mguu mmoja haukuwa na kiatu.

"Kimedondoka njiani," alisema Obdulia. "Nimekiokota, lakini kamba siiwezi. Vidole vyangu vinene. Fanya haraka, padri hasubiri mtu."

"Umemtembeza Bwana peku mtaa mzima?"

"Nimemtembeza. Aliyemvalisha ni wewe."

Hermelinda alifuta mikono kwenye aproni, akafunga ile kamba ndogo kwa meno na kucha, akamwaga maji sufuriani, akapanga maganda juu ya tamale, akafunika kitambaa na mfuniko, akauchorea ishara ya msalaba, akakoleza moto. Kisha akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akajitanda shali.

Alipofika langoni Yadira alimwita.

"Mama, maji yameanza kuchemka. Mimi sisikii kitu."

"Inagonga."

"Nimeweka sikio karibu kabisa."

"Basi sikiliza kwa masikio ya huku, mwanangu, si ya jangwani. Inagonga."

Wakaenda. Mtoto Yesu alikuwa na viatu vyote viwili.

Misa ya Candelaria ni ndefu, kwa sababu kila nyumba huja na Mtoto wake, na kila Mtoto lazima amwagiwe maji ya baraka, na hakuna mama anayekubali wa kwake amwagiwe tone moja tu. Padri alianza kwa kuwaomba wazime simu. Hermelinda alizima yake mara moja, akamtazama jirani yake Chona mpaka naye akazima. Baada ya Misa kulikuwa na bendi, na fataki, na hotuba ya mwenyekiti wa sikukuu aliyeeleza kwa nini bendi ilichelewa, jambo lililokuwa kosa la mwenyekiti aliyetangulia. Watu walipotoka uwanjani kuelekea kwa Evodio, njaa ilikuwa imewafanya wapole.

Harufu iliwapokea kabla ya lango.

Yadira alikuwa amesimama kando ya moto, uso umemwiva, simu mkononi. Kuni alikuwa amezivuta pembeni. Obdulia alifunua mfuniko. Moshi ukapanda, mweusi chini, mweupe juu. Tamale za chini zilikuwa makaa. Za katikati zilikuwa zimeiva kwa moshi. Za juu zilikuwa unga mbichi, baridi, kama zilivyoingia.

Hakuna aliyepiga kelele. Pale Santa Rita msiba wa chakula hupokewa kwa ukimya, kisha hutafutwa mwenye msiba.

"Kuni hizi zina moto mkali mno," alianza Evodio. "Mimi nilimwambia muuza kuni anipe za mwaloni. Akasema ni mwaloni. Watu hawa."

"Sufuria yenyewe bati jepesi," alisema Rutilio, kwa matumaini. "Siku hizi hawatengenezi vitu vya kudumu."

"Sufuria hiyo ina umri mkubwa kuliko wewe," alisema Obdulia. "Tuseme ukweli. Nani aliachwa hapa asikilize peso?"

Macho yote yakaenda kwa Yadira. Yalikwenda kwa raha, kama ng'ombe wanaojua njia ya zizi.

"Peso haikugonga tangu mwanzo," alisema Yadira. "Nilimwambia Mama akiwa langoni. Baadaye nikampigia. Nimempigia tena na tena."

"Simu yangu haikulia," alisema Hermelinda. Na hilo lilikuwa kweli.

"Mtoto wa jirani alimwona kutoka juu ya ukuta," alisema Chona. "Yuko kwenye simu muda wote, ameegemeza sikioni. Sikio lenye simu litasikia peso?"

"Nilikuwa nampigia Mama."

"Mimi sisemi ulikuwa unampigia nani. Nasema ulikuwa kwenye simu."

"Halafu ana mimba," alisema Obdulia, "na wa kaskazini. Yote mawili kwa pamoja. Hereni za sufuria zinakinga mimba, hazikingi kaskazini."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakamfuata, maana mwenye njaa akipata wa kumcheka husahau tumbo kidogo. Hermelinda hakucheka. Alisema kwa upole, kwa sauti ya mwanamke aliyeumizwa ambaye ameshasamehe, "Ni mgeni. Hakuelewa nilichomwambia. Mimi nilipaswa kumwachia mtu anayejua."

Wote walikubali kwamba huko kulikuwa kujilaumu kwa kiungwana sana.

Rutilio alimvuta mkewe pembeni, lakini uani palikuwa padogo, kila neno lilisikika.

"Yadira, omba msamaha tu, yaishe."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa si muhimu. Muhimu ni msamaha."

Yadira alimtazama mumewe kwa muda, kama anayesoma bango lililofutika. "Sawa," alisema. "Nitakwenda kwa mama yangu, kule Hermosillo. Nitajifungulia huko. Basi la Puebla linapita saa kumi na moja."

"Usiseme hivyo mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo nilipoambiwa mimi ndiye niliyeunguza."

Akaingia ndani. Wakasikia kabati likifunguliwa. Rutilio alibaki amesimama, mikono ya mafuta ya pikipiki ikining'inia, akimtazama mama yake, kisha mlango, kisha mama yake tena.

Hapo Hermelinda akahisi machozi yanakuja. Aliwaza soksi ndogo zilizojaa kwenye droo. Aliwaza mtoto atakayekua akila mikate ya ngano, asijue jina la bibi yake. Alichukua aproni kwenye msumari, akaivaa kwa mazoea, akatia mkono mfukoni kutafuta leso.

Leso ilikuwepo. Chini ya leso palikuwa na kitu cha duara, cha baridi.

Hakukitoa. Alikipapasa kwa kidole gumba, upande wa tai, upande wa namba.

Kwanza alijiambia si ile. Peso zote zinafanana, na mtu anaweza kuwa na peso mfukoni bila kuwa mhalifu. Kisha akakumbuka vizuri: aliishika, akaibusu kama mama yake alivyokuwa akifanya, akawa anainua mkono kuitia majini, Obdulia akaingia langoni. Basi ni Obdulia. Nani humkatiza mpishi peso ikiwa mkononi? Lakini Obdulia aliingia kwa sababu ya kiatu. Basi ni fundi aliyeshona kiatu, mlevi yule, kamba zake hazishiki hata siku moja. Na padri asiyesubiri watu. Na mwenyekiti na hotuba yake. Na hata ukitazama kwa undani, kuna Watoto Yesu wengi tu hapa mjini wanaokaa na viatu vyao miguuni bila kuvidondosha.

Aliposikia mawazo yake yamefika kwa Mtoto Yesu, Hermelinda aliona haya, akamwomba msamaha kimoyomoyo. Lakini hakusema kitu.

Si kwamba alikuwa mwanamke mbaya. Jambo lililomfunga mdomo lilikuwa jingine, nalo lilimjia polepole huku Obdulia akieleza watu namna wanawake wa kaskazini wanavyochoma kila kitu. Kama peso leo ilikuwa mfukoni, siku ile ya harusi ilikuwa wapi? Alijitahidi kukumbuka. Alikumbuka uso wa Amparo, na nyanya zilizomwagika, na maneno waliyorushiana. Peso hakuikumbuka kabisa. Kosa moja ukilifungulia mlango, huwa haliji peke yake; nyuma yake wamepanga foleni ndugu zake wote, na kila mmoja anajua jina lako. Afadhali mlango ukae umefungwa.

"Nitaisugua sufuria," alisema. "Naomba mniache kidogo."

"Mwangalie," Chona alimnong'oneza Obdulia. "Hata kwenye majonzi anafanya kazi."

Alipanga tamale kwenye beseni, mbichi upande wake, za katikati upande wake, akaiburuta sufuria nyuma ya nyumba kwenye karo la kufulia. Hapakuwa na mtu. Chini ya wavu kitako cha bati kilikuwa cheusi tii, kimepinda kwa moto. Alitazama huku na huku, akatoa peso, akaidondosha ndani.

Ikagonga. Tiki. Mlio mdogo, safi.

Nia yake ilikuwa ndogo tu, hivyo ndivyo alivyojiambia. Hakutaka kumtia mtu hatiani. Alitaka peso iwe mahali pake, kama kila mtu alivyoamini ilikuwa. Ni kurudisha kitu mahali pake tu. Kuna dhambi gani katika usafi?

"Mama."

Yadira alikuwa kwenye kamba ya nguo, shati la Rutilio mkononi, gauni lake begani. Alikuwa amekuja kuanua nguo zake. Hermelinda hakujua amesimama pale kwa muda gani.

Yadira alisogea, akachungulia ndani ya sufuria. Kwenye weusi ule wote peso iling'aa kama jicho la samaki.

"Sufuria imeungua," alisema, taratibu, bila kejeli, "peso imetakata."

Hermelinda alishika ukingo wa sufuria kama anayetaka kuifunika.

"Ipake masizi kidogo. Ukiiacha hivyo shangazi Obdulia ataiona. Ana macho yule."

"Wewe," alisema Hermelinda, na sauti haikutoka vizuri. "Unanisaidia?"

"Mimi naondoka, Mama. Wewe unabaki nao." Yadira alikunja shati la mumewe, akaliweka juu ya karo, akalinyoosha kola kwa kiganja. "Kama tumbo hili lingeniruhusu nifunue, ningeona mapema. Nilikaa nikasema, labda ni kweli, labda masikio yangu yana kasoro. Nikaweka sikio karibu mpaka nikaungua hapa." Akamwonyesha. Ncha ya sikio ilikuwa nyekundu, imeanza kutoa lengelenge.

Hermelinda aliitazama ile ncha ya sikio. Yote mengine angeweza kuyatafutia sababu. Angeweza kuitafutia sababu simu, na basi, na hata Hermosillo. Lakini sikio lile lilikuwa limeinama juu ya bati la moto likisikiliza kwa bidii kitu kilichokuwa kwenye msumari, ndani ya mfuko, na hakuna fundi viatu duniani ambaye angelichukua lile.

Alitia mkono sufuriani, akaitoa peso, akamshika Yadira mkono, akarudi naye uani.

Watu walikuwa wameanza kula zile za katikati, wakisema moshi wake si mbaya.

"Sikilizeni," alisema Hermelinda. "Peso haikuingia sufuriani. Nilisahau. Ilikuwa mfukoni mwangu. Yadira aliniambia haigongi, nikambishia. Akanipigia, na simu nilikuwa nimeizima. Nimeziunguza mimi."

Kisha Obdulia akaweka tamale yake chini, akafuta jicho kwa ncha ya shali.

"Mnaona?" alisema. "Mnauona moyo wa wifi yangu? Yuko tayari kujichafulia jina ili mkwe asiende."

"Mimi wa kwangu ningemwacha aende," alisema Chona. "Huyu ni mtakatifu."

"Simtetei mtu," alisema Hermelinda. "Hii hapa peso. Itazameni. Safi."

"Peso gani isiyooshwa, mpenzi? Si umetoka karoni sasa hivi."

"Hermelinda," alisema Evodio kwa huzuni na fahari, "usijitwike msalaba usio wako."

Hermelinda alihisi damu inampanda. Maisha yake yote alikuwa amesukuma makosa nje ya nyumba na watu wakayapokea bila swali. Leo analiita moja lirudi, na wote wanamzuia mlangoni. Alichukua mkoba, akatoa simu, akaiwasha, akaiinua juu. Ikatulia kidogo, kisha ikaanza kulia: taarifa moja ya simu iliyokosa kupokelewa, na nyingine, na nyingine, mlio juu ya mlio, kama kengele za Misa. Jina lilikuwa moja. Yadira, Yadira, Yadira.

Watu walisikiliza mpaka mwisho.

"Mtandao huo," alisema Evodio. "Ni hivyo hivyo siku za sikukuu. Simu zinakuja zimechelewa."

"Nasema niliizima mimi."

"Padri ndiye aliyesema tuzime," alisema Chona. "Kama ni kosa, ni lake."

"Mpe maji akae kivulini," Obdulia alimwambia kaka yake kwa sauti ya chini. "Moshi umemwingia kichwani."

Hermelinda aligeuka, akamtafuta mwanawe. Rutilio hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akilitazama sikio la mkewe. Alipita katikati ya wageni, akaingia ndani, akatoka na mkoba wa safari uliokuwa tayari kwenye kizingiti, akamtazama Yadira kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukilipia.

"Niurudishe ndani?" aliuliza. "Au twende wote? Basi lina nafasi. Nimekosa, Yadira. Nilikwambia kosa si muhimu."

Yadira alimtazama mama mkwe wake aliyesimama katikati ya ua, peso mkono mmoja, simu mkono wa pili, akisisitiza kosa lake kwa watu waliokuwa wakimpa kiti.

"Urudishe," alisema mwishowe. "Lakini usifungue zipu. Nitaona."

Wageni waliondoka jua lilipoanza kulegea, wakiwa wameshiba kiasi, na wakiwa na hadithi. Kabla ya kufika kwenye kona hadithi ilikuwa imeshapata umbo lake: namna mkwe wa kaskazini alivyounguza, na namna Hermelinda, kwa ukubwa wa moyo, alivyojitwika. Jina lake halikuwahi kung'aa kama siku hiyo. Obdulia aliondoka na Mtoto Yesu begani, miguu yote miwili imevaa, akasema kwamba kamba ile kweli imefungwa na mtu anayejua.

Hermelinda na Yadira walibaki na beseni la tamale za juu.

"Hizi hazijaharibika," alisema Hermelinda. "Ni mbichi tu. Zikipata mvuke zitaiva."

Walichukua sufuria ndogo. Yadira alimwaga maji. Hermelinda aliishika peso, akaitazama, hakuibusu. Akaitia. Wakapanga tamale, wakafunika, wakakaa kwenye vigoda, magoti yakigusana. Hermelinda alikuwa amempaka mkwe wake mafuta ya mshubiri sikioni, na sikio lilimeremeta.

"Mfuko huu nao," alisema Hermelinda baada ya muda, akiugeuza nje ya aproni. "Mrefu kupita kiasi. Kitu kikiingia hukikumbuki tena. Sijui aliushona nani."

"Wewe, Mama."

Hermelinda aliutazama mshono. Alikaribia kusema neno kuhusu uzi wa siku hizi, akalimeza.

"Namba ya dada yangu Amparo sina," alisema badala yake. "Sijui hata ataipata wapi mtu."

"Ninayo mimi."

"Umeipata wapi?"

"Kwenye msiba wa mjomba. Aliniita pembeni, akaniandikia. Akasema, siku watakayokutoa jikoni, nipigie, uje kwangu."

Hermelinda aliinamisha kichwa. Mabega yakamtikisika, na Yadira hakuweza kujua kama analia au anacheka, mpaka aliposema, "Mpigie."

Simu iliita. Chini ya mfuniko maji yalianza kusogea, na peso ikagonga mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kwa kasi, tiki tiki tiki, hata mtu aliye langoni angeisikia.

"Nani?" ilisema sauti ya Atlixco.

"Mama mdogo Amparo, ni Yadira. Mke wa Rutilio."

"Ah." Kukawa na kelele ya kiti kuvutwa. "Nilijua tu. Candelaria haipiti hivi hivi. Haya niambie, leo ametolewa nani?"

Hermelinda aliichukua simu mkononi mwa mkwe wake.

"Mimi," alisema.

Upande wa pili kiti kilivutwa tena, kama mtu anayeketi.

"Kwa kosa gani?" aliuliza Amparo.

Hermelinda alifungua kinywa. Zilimjia sababu zote kwa pamoja: kiatu, wifi, padri, hotuba, mfuko. Alizitazama moja moja kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akaziacha palepale zilipo.

"Nilisahau peso," alisema. "Leo. Na nadhani hata siku ile."